Jitu Uliloliacha Limelala

Beni, Jumapili, kabla ya adhuhuri

Kasereka, ndugu yangu,

Nimemaliza hadithi yako. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, na wewe unanijua, ningejaza ukurasa mzima nikiuliza kama huko mliko mvua inanyesha. Nimeimaliza mbele ya akina mama wa Kalunguta, nikawaambia mwisho ule umetoka kwako. Mama Masika akachukua kisu akaingia porini.

Leo ni siku ya ishirini tangu ufe. Ulikufa kwa tension, presha ya damu, wewe uliyezunguka vijiji vyote hivi ukiwafundisha watu kupumua. Jumatatu ile nilifika mlangoni kwako Butembo kama kawaida, nikapiga honi mara mbili, na badala yako akatoka mke wako bila kitambaa kichwani. Alisema ulikuwa unapiga kiatu rangi. Kimoja kilikuwa tayari kinang'aa, cha pili bado. Nilikaa kwenye gari dakika nyingi kabla ya kuingia ndani, na mpaka leo sijui kwa nini nilikuwa nimeacha injini inawaka.

Walikuvalisha suti ya kijivu, wakakulaza kwenye sanduku, wakafunga. Mimi nilisimama nyuma pamoja na madereva wengine. Unajua kwamba msikitini kwetu nimo katika wale wanaoosha maiti. Nimefunga sanda za watu ambao hata majina yao sikuyajua. Na wewe, niliyekaa nawe kiti kwa kiti miaka sita, mikono yangu haikupata kazi yoyote. Kwaya yenu iliimba vizuri, hapo sina la kusema. Lakini nilirudi Beni na mikono mitupu na nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa motari wa pikipiki aliyenipisha barabarani kwa heshima.

Kiti chako cha mbele bado kimelala nyuma vile ulivyokiacha. Mkuu wa ofisi ameshakaa hapo mara mbili, mara zote amelalamika mgongo, na nimemwambia kimekwama. Hakijakwama. Na kwenye miteremko ya Kabasha bado nasikia maneno yako yale yale: "Ramazani, punguza. Bale bamama habakimbie." Kwamba wale mama wanaotungoja hawakimbii. Nilikuwa nayachukia maneno hayo. Mimi niliyeendesha malori ya baba yangu toka Kasindi mpaka Butembo matope yakifika kwenye taa, mtu asiyejua hata kubadilisha gurudumu ananifundisha mwendo. Sasa nikifika pale napunguza, na napunguza kwa hasira.

Acha nikueleze kwa utaratibu, la sivyo nitakuchanganya.

Wiki moja na siku tatu baada ya kifo chako, mkuu wa ofisi aliniita. Akasema ile Alhamisi niende Kalunguta peke yangu, niwaambie wale mama wa kikundi chako kwamba mikutano imesimama mpaka apatikane mwanasaikolojia mwingine. Niseme hivyo, niwape pole, nirudi. Kazi ya dakika kumi. Nikasema sawa, kwani kuongea ni kitu gani.

Nilipofika, walikuwa wameshakaa ndani ya kile chumba cha kanisa, kwenye mabenchi, mduara ule ule wako. Walikuwa wamejua habari zako siku nyingi. Walikuwa wamekuja hata hivyo. Na kiti chako, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa kamba, walikuwa wamekiweka mahali pake. Nikasimama karibu na mlango kama ilivyo desturi yangu, nikasema nilichotumwa. Hakuna aliyelia. Wakanishukuru. Nikageuka niondoke, na Mama Masika akaniuliza: "Wewe ulikuwaka naye mu gari kila siku. Alikuambiaka mwisho ya hadithi?"

Nikasema ndiyo.

Kasereka, nimejiuliza neno hilo lilitoka wapi. Hukuniambia kamwe. Nilikuuliza, tena si mara moja, na ulikuwa unacheka ukitazama nje dirishani. Lakini walikuwa wananitazama wanawake kumi na wanne, na kiti chako kitupu katikati, na kusema "hapana, amekwenda nao" kulinishinda. Na nikuambie lililo la kweli zaidi: mimi mwenyewe nilikuwa nautaka huo mwisho. Nilikuwa nimezika rafiki, sikutaka tena kitu chochote kinachoachwa nusu.

Basi nikakaa kwenye kiti chako. Nikaanza mwanzo, vile ulivyokuwa unasimulia. Jitu likaja kijijini likameza wote, wazee na watoto na mbuzi, hata kinu na mchi wake. Akabaki mwanamke mmoja aliyekuwa ameshuka mtoni kuchota maji. Akarudi, akakuta majiko yanafuka moshi na hakuna mtu. Akachukua kisu cha kuvunia, akafuata nyayo siku nyingi, mpaka akalikuta jitu limelala. Akakaribia, akaweka sikio kwenye lile tumbo. Akasikia watu ndani: wanatwanga, wanagombana, mtoto analia, mtu anamwita mwenzake. Hapo ndipo wewe ulikuwa unanyamaza. Wakikuuliza kisha ikawaje, ulikuwa unamgeukia mmoja wao kwa sauti yako ya chini na kumwuliza swali lako: "Na wewe, uko fasi gani mu hii hadithi?" Yaani yuko mahali gani humo ndani.

Mwanzoni nilidhani unawachezea. Nilikuambia waziwazi, siku ile tulipokwama kwenye matope na ukakataa kushuka kusukuma kwa sababu ya viatu: ofisi inakuita mtaalamu, umesoma miaka yote ile chuo kikuu Butembo, halafu unakwenda kuwapigia watu wazima hadithi za kando ya moto. Na kama ni faraja, nikasema, sisi tuna misikiti na nyinyi mna makanisa, Mungu anatosha. Hukukasirika. Ulisema: "Imani inabaambia kwenye batafika. Mimi niko nabatafutia fasi ya kusimama leo." Ukaeleza kwamba uchungu usio na umbo humzungusha mtu hapo hapo mpaka achoke, lakini ukimpa hadithi ambayo bibi yake aliijua, uchungu unapata nyumba, na nyumba ina milango. Nilikuambia shuka usukume, tutaongea milango baadaye.

Lakini nilikuwa nasikiliza, pale mlangoni. Nilimsikia yule mama mzee akisema yeye ni mchi, alimezwa na kazi ikiwa mkononi. Nilimsikia mwingine, aliyechomewa nyumba, akisema yeye ni ule moshi. Na Mama Masika miaka miwili mizima jibu lake lilikuwa moja: "Mi niko mutoni." Bado anachota maji. Hajarudi kijijini, hajaona kitu. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa na kwenda kwa mwingine, hukumsukuma hata siku moja.

Mimi sikuwa naelewa uzito wa jibu hilo mpaka uliponieleza habari zake. Masika, mzaliwa wake wa kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa, alikwenda shambani kuvuna maharage na hakurudi. Wale wenye silaha wa porini walipita huko siku hiyo. Mwili haukuonekana, nguo haikuonekana, simu ilizimika. Na mama yake, kama kawaida ya watu, anaitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo kila anayemsalimia asubuhi anamtaja yule ambaye hayupo. Ukanieleza pia desturi yenu ambayo mimi sikuijua: mtu akipotea hivyo, familia hukata shina la mgomba, hulilia, hulizika mahali pa mwili, ili msiba upate pa kuishia. Shemeji yake Kambale, mdogo wa mume wake aliyefariki, alimwomba hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili. Alikuwa anajibu kwa maneno manne: "Mutoto yangu haiko mugomba."

Halafu mwezi ule wa mwisho wako, Alhamisi yako ya mwisho kabisa, ulimwuliza Mama Masika, akasema: "Nimerudi mu kijiji. Nimeona moshi." Ulitoka chumbani ukanipita mlangoni, ukaingia kwenye gari, ukafunga kioo. Nilikuona unafuta macho. Wiki ile ile Kambale akapiga simu kwamba mama amekubali kuzika, wamepanga Jumamosi fulani, wamechagua na mgomba. Ulifurahi mpaka ukanunua muwa wa kutafuna njiani, wewe uliyenikataza kula ndani ya gari.

Sasa unaona nilichoharibu. Alikuwa amefika kwenye moshi kwa miguu yake, miaka mitatu. Mimi nikamrusha moja kwa moja mpaka kwenye tumbo.

Maana nilimaliza, Kasereka, na nilimaliza vizuri mno. Nilisema mwanamke akapasua tumbo kwa kile kisu, jitu halikuamka hata kidogo. Wakatoka mmoja mmoja. Nikanogewa. Nikasema wakatoka mbuzi, kikatoka kinu, wakatoka hata wale waliomezwa zamani ambao watu walikuwa wameshakata tamaa nao. Nikasema wakatoka wazima lakini uchi, kama siku waliyozaliwa, na yule mwanamke hakuwa na nguo za kuwapa. Wengine walitabasamu. Mama Masika alikuwa ananitazama usoni, mikono imelala mapajani. Niliendesha mpaka Beni nikijiona mtu.

Siku sita zikapita bila habari, mpaka Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa nafuta gari uani mwa ofisi simu ikalia. Alikuwa Kambale. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na mtu anayesema kwa sauti ya chini asubuhi hana habari njema. "Papa Ramazani, ulimuambia nini uyu mama?" Nikauliza mama gani, ingawa nilijua. Akasema ameondoka tangu jana alfajiri. "Amebeba kisu na kitenge ya Masika. Aliacha neno kwa jirani, anaenda kumupokea, asitoke uchi."

Nilikaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni.

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi nikamweleza yote, pamoja na uongo. Nikaomba gari. Alisema gari haliruhusiwi kutoka kwenye barabara kubwa, na hapo alikuwa sahihi, kanuni hiyo tumeisaini wote. Kisha akasema kazi ya dereva ni kuendesha. Na hapo pia alikuwa sahihi, ndiyo maana nilikasirika. Nikaweka funguo mezani kwake. Nilitoka nikapanda motari mpaka Kalunguta, na yule kijana alikuwa anakimbiza, na mimi nikamwambia maneno gani, unafikiri? Nikamwambia akimbize zaidi.

Kambale alinisubiri kando ya njia. Hakunisalimia. Tukatembea pamoja kuelekea upande wa mashamba ya zamani, yale ambayo watu hawaendi tena. Alikuwa anatembea mbele yangu, na nilikuwa natazama mgongo wake nikitamani ageuke anitukane. Hakugeuka. Kila tuliyekutana naye tulimwuliza, na kila mmoja alisema hakuona mtu. Njia ikawa nyembamba, nyasi zikapanda mpaka kifuani, hakukuwa tena na watu wa kuuliza. Ndege walikuwa wanalia sana, na kila walipoacha tulisimama.

Mwisho wa njia kulikuwa na barieri ya askari: mti umelazwa, hema moja, sufuria juu ya mawe. Mmoja wao alitujia akiwa na jani mdomoni. Kambale akauliza. Askari alisema alipita, Jumatano. "Tulimukataza. Alisema mutoto wake anatoka leo." Nikauliza kama tunaweza kumfuata. Akatazama viatu vyangu, kisha kofia yangu, akasema kwa upole ambao sikuutarajia: "Papa, suka ni hapa." Kwamba mwisho ni hapo, hakuna anayevuka. Akasema kulikuwa kumesikika risasi mbili upande ule tangu asubuhi.

Tulisubiri mchana mzima. Jua lilipoanza kushuka askari walituamuru turudi kijijini, tukarudi. Ijumaa kukipambazuka tulikuwa tena pale kwenye mti. Nilihesabu vidole, nilihesabu mawe ya jiko lao. Nilikuwa nikiona vile angekuwa amelala mahali fulani, na kisu pembeni, na kile kitenge kimekunjwa. Niliwaza nitamwambia nini yule mama mzee wa mchi. Nilikuwaza na wewe pia, nikakuchukia, nikuambie ukweli. Nilisema moyoni: huyu mtu aliwafungulia watu mlango kisha akaenda zake kufa, na akaniacha mimi nimesimama hapo bila kujua mlango unafungwaje. Saa ya Ijumaa ilipofika sikuwa na msikiti. Nikaswali adhuhuri kwenye nyasi, askari wakapunguza redio. Kambale, Mprotestanti wa kweli, alivua kofia akasimama kando yangu mpaka nikamaliza.

Mama Masika alitokea kitambo kidogo baada ya hapo. Alikuwa anatembea katikati ya njia, si pembeni, polepole, miguu imevimba, kisu mkononi na kitenge kichwani kikiwa bado kimekunjwa. Peke yake. Askari waliinua mti bila kumwuliza kitu.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema. Yaliyotoka hayakuwa yale. Nilisema mbele ya Kambale na askari wote: Mama, ule mwisho ni wangu, Docteur Kasereka hakuniambia kitu, nilikudanganya. Nikasema tena, nikadhani hakusikia.

Alishusha kitenge, akakaa juu ya ule mti waliokuwa wameurudisha chini, akakiweka mapajani. Sauti yake ilikuwa imekwisha, tulilazimika kuinama kumsikia. "Nilijua," akasema. "Docteur hawezi sema batu batoke uchi. Ule muzee alikuwaka na haya."

Kasereka, nilicheka. Pale, mbele ya bunduki, nilicheka mpaka nikashika tumbo, na baadaye haikuwa kicheko tena, na Kambale alinishika bega kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Ni kweli kabisa. Wewe uliyekuwa unageuza uso hata nikivua shati kubadilisha gurudumu.

Kambale ndiye aliyeuliza: kama alijua, sasa aliendea nini. Alikunywa maji kwanza. "Myaka tatu kila mutu ananiambia nikae. Nikae, nilie, nizike. Mu hadithi yake mama alitembea." Akasema alifika mpaka kwenye lile shamba. Kibanda kimeanguka. Maharage yameota yenyewe, yamejaa, hakuna wa kuyavuna. Akamwita Masika mpaka sauti ikaisha. "Nikaweka sikio chini. Hakuna mutu." Kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na mchezo: "Lakini usirudilie tena. Mama mwingine anaweza kosa njia ya kurudi."

Usidhani basi kwamba nakuandikia kujisifu kwamba mambo yaliisha vizuri. Zile risasi mbili zilikuwa za kweli. Amerudi kwa sababu amerudi, si kwa sababu ya akili yangu, na naandika hili waziwazi ili nisije nikajidanganya baadaye nikilisimulia.

Jana ilikuwa Jumamosi. Walizika. Mama Masika alikataa waahirishe, na miguu yake ile. Kambale alipofika kwenye mgomba na panga akauliza akate urefu gani. Mama akaja akasimama kando ya shina, akaweka kiganja begani kwake mwenyewe. "Alinifikaka hapa." Wakakata hapo. Wakalipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wakalisukuma toka migombani mpaka uani, na wanawake walikuwa wanalifuata wakilia kama walivyotakiwa kulia miaka mitatu iliyopita.

Uani akatoa kile kitenge, cha kijani, chenye maua makubwa ya manjano. Ndicho alichokuwa amembebea amvike akitoka. Akaanza kulifunga shina, na mikono yake ikagoma. Akajaribu tena. Watu walikuwa wanatazamana. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu na lango, kama kawaida yangu, na nikaona miguu yangu inatembea. Sikuomba ruhusa ya mchungaji. Nilipiga magoti nikalaza kitenge vile tunavyolaza sanda, nikaleta upande wa kulia, nikaleta wa kushoto, nikafunga juu, katikati, chini. Mikono ilikuwa inajua. Sikuwa na haraka. Shina la mgomba lina uzito, Kasereka, na lina ubaridi, na nilipokuwa nafunga fundo la mwisho sikuwa namfunga Masika peke yake. Utanisamehe, au atanisamehe yeye. Nililia na pua ikanitoka mbele ya kanisa lenu lote.

Nilipoinuka Mama Masika alisema neno moja la kwenu la shukrani, "Wasingya," na akashika upande wa kichwa twende. Tulimbeba. Baada ya udongo kufunika, jirani mmoja alikuja kumpa mkono akasita, hakujua amwite nani sasa. Mama akaona. Akamwambia jina ni lile lile, aendelee kumwita hivyo hivyo.

Sasa nikuambie yaliyobaki. Kesho Jumatatu nitakwenda ofisini. Sijui kama funguo zitakuwa bado mezani au zitakuwa kwa dereva mwingine. Mwanasaikolojia mpya anafika kesho hiyo hiyo, msichana wa Kanyabayonga, nimesikia ni mrefu. Kikundi kinaanza tena Alhamisi. Wakinipa usukani, nitakwenda nao. Wakininyima, nitapanda motari kwa gharama yangu na nitamwambia apunguze. Kwa vyovyote Alhamisi nitakuwa kwenye chumba kile, na sitasimama mlangoni. Nitawaambia wote kumi na wanne kwamba nilisema uongo kwa jina lako, na kwamba jitu bado limelala pale ulipoliacha. Hiyo ndiyo ahadi. Nyingine ni kwamba sitaimaliza tena, hata wakinilipia Hija.

Na kiti chako nitakinyanyua asubuhi. Msichana mrefu hawezi kukaa vile ulivyokuwa unakaa wewe, umelala kama mfalme. Nitamwambia mkuu wa ofisi nimekitengeneza.

Kuna swali ulikuwa ukiniuliza mimi pia, njiani, ukidhani sikulichukua kwa uzito. Nilikuwa nakujibu kwamba mimi shofere, niko nje ya hadithi, nalinda gari. Ulikuwa unasema sawa, na kuniuliza tena mwezi unaofuata. Adhana inaanza hapa karibu, lazima nikuache, na udongo wa Butembo usikulemee, ndugu yangu. Lakini chukua jibu lako uende nalo. Niko pale pale ulipokuwa ukinyamaza. Mama Masika aliweka sikio akakuta kimya, na amerudi nyumbani. Mimi nimeweka langu, na bado nasikia watu ndani. Wanatwanga, wanagombana, na mmoja wao, sauti yake naijua, ananiambia nipunguze mwendo.

Ramazani, shofere wako